Turudi Kwenye Ufa Wenyewe

Methali ya ufa tunaitumia kwa kila jambo. Ndoa ikiyumba, tunaisema. Mtoto akianza kutoroka shule, tunaisema. Kwenye vikao vya ushirika na vya harusi, mzungumzaji akianza tu na "usipoziba ufa", ukumbi mzima unamalizia kwa sauti moja. Lakini ukutani kwangu palikuwa na ufa hasa, ufa wa saruji, ulioanzia kona ya dirisha la chumbani na kupanda kuelekea dari, na nililala chini yake miaka minne bila kuugusa.

Leo naomba tuirudishe methali nyumbani kwake. Masika yanaanza Machi. Hapa Dar es Salaam, na katika ukanda wote wa pwani, tunajua maana yake: maji yataingia kila mahali palipoachwa wazi. Kabla hayajafika, nakuomba wewe unayesoma hapa, hata kama hujawahi kushika nyundo, urekebishe kitu kimoja nyumbani kwako kwa mikono yako mwenyewe. Uzibe ufa mmoja, au uliponye bomba moja linalodondosha maji, au upige wavu dirisha moja. Kimoja tu. Sikuombi ujenge jiko jipya.

Aliyenifungua macho ni fundi mwashi, mzee wa makamo, aliyekuja kunijengea karo. Siku aliyomaliza nilimwonyesha ule ufa nikamuuliza atanifanyia kwa bei gani. Akausogelea, akapitisha ukucha wa kidole gumba ndani yake tangu chini hadi mkono wake ulipofika. Kisha akatoa penseli nyuma ya sikio, akachora mstari mdogo kukatiza pale ufa ulipoishia, na kando yake akaandika tarehe.

"Mwalimu," akaniambia, "huu si wa kuniita mimi. Huu ni wa kwako. Uuache mwezi mmoja. Ukivuka huu mstari, nipigie simu, maana nyumba inatembea. Usipovuka, nitakufundisha."

Haukuvuka. Akaja Jumapili moja jioni, akanywa chai, na kunifundisha kwa nusu saa kitu ambacho kwa miaka minne nilidhani kinahitaji mtaalamu.

Ufa mwembamba hauzibwi hivyo ulivyo. Ukipaka saruji juu yake, inakaa kama kigaga na mvua ya kwanza inaibandua. Kwanza unauchokoa. Chukua bisibisi kuukuu au patasi, ufuate njia ya ufa uupanue kidogo, ndani uwe mpana kuliko nje kadiri unavyoweza, ili kiraka kipate pa kushika. Futa vumbi lote kwa brashi kavu. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapokosea, lowanisha ukuta. Ukuta mkavu una kiu. Utanyonya maji ya saruji kabla haijakomaa, na kiraka kitakatika upya palepale. Mchanganyiko ni kipimo kimoja cha saruji kwa vinne vya mchanga mlaini uliochekechwa. Kopo la maziwa linatosha kuwa kipimo. Huhitaji mfuko mzima wa kilo 50, maana maduka mengi ya vifaa vya ujenzi mtaani hupima saruji kwa kilo. Maji ongeza kidogo kidogo hadi ukifumbata mchanganyiko mkononi ushikane bila kuchuruzika. Shindilia kwa ncha ya mwiko hadi uhisi hauingii tena, sawazisha kwa sifongo yenye unyevu, kisha unyunyizie maji asubuhi na jioni kwa siku tatu.

Siku ile ya tatu nilipitisha kiganja pale ukutani nikiwa nimefumba macho, sikuhisi mwanzo wala mwisho wa kiraka. Nilisimama pale muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyostahili.

Vaa glavu za mpira. Saruji mbichi inababua ngozi taratibu, unaweza usisikie chochote hadi usiku. Ikikuingia jichoni, osha kwa maji safi mengi, kwa muda mrefu, kisha nenda kituo cha afya.

Zipo nyufa ambazo si zako, na kuzijua ni nusu ya ujuzi. Ufa wenye upana wa milimita 5 au zaidi si wa anayeanza. Vivyo hivyo ufa unaoshuka kama ngazi ukifuata maungio ya matofali, ufa uliofuatana na mlango ambao ghafla haufungi, na ule unaorudi kila baada ya kuzibwa. Hizo zinatokana na msingi au udongo ulio chini yake, hasa udongo mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Hapo fundi aitwe, tena mapema.

Na ikiwa unaishi katika nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar au za Lamu, tafadhali iweke saruji mbali. Kuta zile huvuta na kutoa unyevu. Chokaa ni laini, inauacha upite. Saruji ni ngumu. Inaufungia unyevu ndani, na chumvi inamomonyoa jiwe nyuma ya plasta ambayo kwa nje inaonekana nzima kabisa. Miji hiyo miwili imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, Mji Mkongwe tangu mwaka 2000 na Lamu tangu 2001, lakini anayeihifadhi kila siku ni mwenye nyumba na ndoo yake ya chokaa. Wazee wanaojua kuichanganya bado wapo. Waulizeni wangali wapo.

Sasa bomba. Nendeni usiku, nyumba ikishalala, msikilize jikoni. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Kwangu nilitega jagi la lita moja chini ya bomba la sinki, na likajaa kabla ya asubuhi. Maji hayo nililipia. Na mwisho wa bomba letu, mtaa wa pili, walikuwepo akina mama waliokuwa wakinunua maji kwa dumu.

Katika mabomba ya kawaida ya kuzungusha, kinachovujisha mara nyingi ni kiduara kimoja cha mpira, ambacho dukani wanakiita washa, kisichozidi upana wa kitufe cha koti. Mchanga unaokuja na maji unakikwaruza, na sisi tukiona maji hayakatiki tunakaza kwa nguvu zaidi, tunazidi kukisaga. Kukibadilisha kunataka bisibisi moja na spana moja, ile ya kupanua na kubana.

Funga koki kuu iliyo karibu na mita. Fungua bomba lenyewe hadi maji yaliyobaki yaishe. Hatua hii msiiruke. Mimi niliiruka mara ya kwanza, nikalowa mimi, likalowa na gunia la unga. Ziba tundu la sinki kwa kitambaa ili skrubu isitumbukie. Ondoa kishikio, kisha kwa spana zungusha kile kipande cha ndani kinyume cha mwendo wa mishale ya saa, huku mkono wa pili umeshika shina la bomba lisigeuke na kuvunjika ukutani. Kikitoka, kigeuze. Kwenye ncha yake utakiona kiduara cheusi, kimebonyea katikati, kimechakaa upande mmoja. Usikisie ukubwa. Kibebe kama kilivyo hadi dukani, umpe muuzaji akupimie kinacholingana nacho. Rudisha kila kitu kwa mpangilio ule ule uliokitoa. Ndiyo maana inafaa kila unachokifungua ukipange mezani kwa mstari, kimoja baada ya kingine, au ukipige picha kwa simu.

Usiku ule jikoni palikuwa kimya. Mjukuu wangu wa darasa la tano, aliyekuwa ananishikia tochi, aliniuliza kama kesho tunaweza kutengeneza la bafuni.

Nitasema kidogo juu ya rangi, kwa sababu rangi ndiyo wengi wanayoikimbilia kwanza, nayo ndiyo ingefaa kuja mwisho. Rangi haizibi unyevu. Ukuta wenye fukuto ukiupaka leo, utabambuka ndani ya miezi michache. Kwanza tafuta maji yanatoka wapi. Ukuta ukiwa mkavu na mzima, upige msasa, futa vumbi, kisha upake mikono miwili, wa kwanza ukauke vizuri kabla ya wa pili. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.7, ukitoa mlango na dirisha, kina mita 29 hivi za mraba za ukuta. Mikono miwili ni lita 6. Makopo mawili ya lita 4 yanatosha na chenji inabaki ya kuziba alama za vidole vya watoto. Nyumba ya zamani sana yenye rangi ya mafuta inayobambuka usiipige msasa mkavu ndani, kwani rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Ilowanishe kwanza, watoto wakae mbali, na sakafu ifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Ila kama una nafasi ya kufanya jambo moja tu kabla ya Machi, basi liwe dirisha.

Mbu wa malaria anatafuta damu usiku, na anaingia kwa njia tunazomwachia: dirisha lililochanika wavu, uwazi wa chini ya mlango, na hasa ule uwazi wa upenu kati ya ukuta na bati. Nchini Gambia watafiti waliweka nyavu kwenye milango na madirisha ya nyumba za watu na kuziba upenu, wakazilinganisha na nyumba zilizoachwa wazi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009: mbu waliokutwa ndani walipungua kwa zaidi ya nusu, na watoto wa nyumba zile walikuwa na upungufu wa damu kwa kiwango kidogo kuliko wenzao. Kilichowakinga hakikuwa kidonge. Ni mbao, nyavu na misumari. Chandarua chako kiendelee kutundikwa, lakini kabla ya saa ya kulala kuna saa nyingi za kukaa sebuleni, na saa hizo zinalindwa na dirisha.

Kupiga wavu kunamshinda mtu kwa sababu moja: anaanzia kona. Ukianzia kona, ukifika kona ya pili wavu umeshakunjamana na huna wa kumlaumu. Tengeneza fremu ya mbao nyembamba inayoingia kwenye dirisha lako. Pima upana juu, katikati na chini, kwa sababu madirisha yetu mengi hayana pembe mraba, na uchukue kipimo kidogo kuliko vyote. Kata wavu uzidi fremu kwa sentimita 5 kila upande. Ilaze fremu sakafuni, tandaza wavu, ukunje ukingo mara moja ili uwe na nguvu, kisha piga msumari mmoja mdogo katikati ya mbao ya juu. Nenda katikati ya mbao ya chini, vuta, piga. Katikati ya kushoto, vuta, piga. Katikati ya kulia. Sasa toka kwenye kila msumari ukielekea kona, huku unavuta kidogo. Kona zije mwisho kabisa. Ukimaliza, ugonge wavu kwa kidole: uliovutwa vizuri unalia kama ngozi ya kigoma. Funika vichwa vya misumari kwa vipande vyembamba vya mbao, na ufungie fremu kwa bawaba ili uweze kuifungua na kusafisha vumbi.

Ukiwa tayari uko nje, inua macho uangalie mfereji wa bati wa kuvunia maji, na simtanki. Mfereji uliojaa majani na simtanki lisilo na mfuniko ni mazalio ya yule mbu mwingine, anayeuma mchana na kueneza dengi. Jiji letu lilipata mlipuko wake mwaka 2014 na tena 2019. Kutoa majani ni kazi ya mkono tu, lakini ngazi isimame kwenye ardhi ngumu, awepo mtu wa kuishika, na kwa kila mita 4 za kupanda, mguu wa ngazi ukae mita 1 mbali na ukuta. Juu ya bati lenyewe usipande. Na ikiwa paa lako ni la zile karatasi kuukuu za kijivu za asbesto, usilitoboe wala kulikata wala kulisugua; vumbi lake linaharibu mapafu, na madhara yake huonekana baada ya miaka mingi.

Umeme nao una mipaka yake. Balbu ni yako. Kuzima swichi kuu pale kwenye luku ni kazi yako, na kila mtu wa nyumba anayefikia apajue mahali ilipo. Lakini soketi iliyopata joto au kuwa nyeusi, waya ulioungwa kwa mfuko wa plastiki, saketi breka inayoanguka kila mara, hayo yaachie fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, na usione haya kumwomba aionyeshe. Volti 230 hazimpi mtu nafasi ya kujifunza kwa makosa.

Nimeambiwa na wenzangu, tena kwa nia njema, kwamba nikiwahimiza watu wajitengenezee nawanyang'anya mafundi riziki. Nimelifikiria sana, kwa kuwa fundi niliyemtaja ana watoto wanaosoma. Nikamuuliza mwenyewe. Alisema kazi ndogo ndizo zinazomgombanisha na watu: nauli inazidi malipo, anaahidi kesho, haji, anaitwa mwongo. Anataka kuitwa kwa karo, kwa msingi, kwa ukuta unaotembea. Na anayejua kuchanganya saruji ya kopo moja anajua pia kwa nini kazi ya fundi ina thamani, na hamlalii bei. Nami naongeza: mlipeni fundi awafundishe. Mwambie waziwazi, "Leo nakulipa unionyeshe, siyo unifanyie." Na kwa kijana atakayependa zaidi, vyuo vya VETA vina kozi fupi za uashi, mabomba na useremala, na milango yake haibagui wasichana.

Kwa wapangaji, najua mnachowaza: nyumba si yangu. Zungumzeni na mwenye nyumba kabla ya kugusa, mkubaliane kwa maandishi kwamba gharama ya vifaa itakatwa kwenye kodi. Wengi watakubali, maana ni mali yao inayotunzwa. Na fremu ya wavu iliyofungwa kwa bawaba unaweza kuhama nayo. Kwa wale wa nyumba za vyumba sita zenye ukumbi katikati, ambako bomba ni la wote na kwa hiyo si la mtu, nawaomba mmoja aanze. Washa moja haihitaji mchango wa vyumba sita.

Tunayo tayari Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi. Tunafagia, tunazibua mitaro, saa nne tunarudi ndani. Ombi langu ni hili: ile saa moja inayofuata, jasho likiwa bado halijakauka, iwe ya kitu kimoja kilichoharibika nyumbani. Na kwa kuwa si kila mtu ana spana, mtaa uwe na sanduku lake. Nyundo, bisibisi mbili, spana, koleo, msumeno, mwiko, pimamaji, tepu ya kupimia, ngazi moja nzuri. Likae kwa mjumbe wa nyumba kumi, pamoja na daftari la kuazima na kurudisha. Kikundi cha kikoba kinachoweza kununua viti na maturubai ya shughuli kinaweza kununua ngazi. Zamani wazee wetu wakisikia mwito wa msaragambo, kazi ya pamoja, walitoka na majembe; wajukuu wao tunaweza kutoka na msumeno mmoja unaozunguka.

Watoto wawepo. Wa kike na wa kiume. Wape tochi, wape misumari ya kushika, wape kazi ya kuandika tarehe ukutani kwa penseli.

Nyumbani kwangu Jumamosi ijayo ni zamu ya mlango wa jikoni, ambao umevimba na unaburuza sakafu. Randa nimeiazima kwa jirani wa nyumba ya kijani. Ngazi yangu iko kwake tangu juzi. Amesema atairudisha akimaliza upenu.